Mgeni Aliyekimbiwa na Mama

"Amemkubali au amemkataa?"

Dada yangu mkubwa aliniuliza hivyo tukiwa ndani ya bafu la hoteli ya kale kwenye Mlima Elgon, juu kabisa ya Kitale. Yeye alikuwa amekaa ukingoni mwa beseni kubwa la chuma lenye miguu kama ya simba. Mimi nilikuwa nikihangaika na bomba la maji moto ambalo, nilikuja kugundua, lilikuwa pambo tu. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu mwaka huo, sina kazi, na nyumbani kwetu binti mwenye digrii huulizwa kila kitu, kuanzia bei ya mahindi hadi kwa nini mvua imechelewa. Safari hii alitaka kujua moyo wa mama.

Wa kukubaliwa au kukataliwa alikuwa mchumba wa dada. Aliuza vipuri vya magari mjini Kitale na alizaliwa nyuma ya msikiti, katika familia ambayo babu zake walitoka pande nne tofauti wakakutana sokoni. Sisi ni watu wa Bungoma, Wakristo wa tangu zamani, na mama alikuwa mwalimu mstaafu na mjane, mtu wa kanisa hasa. Dada, ambaye ni muuguzi na ndiye aliyekuwa akinilisha pale Kibomet, pembeni mwa Kitale, alikuwa ameapa kwamba bila neno la mama hakuna ndoa. Hangetoroka na mtu usiku kama kuku aliyeibwa. Basi mchumba akapata wazo: mama apelekwe mlimani apumzike, gharama juu yake, na huko juu, kwenye hewa safi, dada amuulize.

Mama alikubali haraka kuliko tulivyotarajia, ila kwa sharti moja. Mwanamume huyo asilale chini ya paa moja na yeye. Ndipo mchumba akachukua chumba kwenye nyumba ya wageni ya masista, ng'ambo ya bonde upande wa Saboti, mahali pa watu wa mafungo na maombi. Muislamu wa watu akawa anaamshwa na kengele ya misa.

Siku ya kufika alitutangulia hotelini kwa pikapu yake ili apokee mizigo. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Mama aliposhuka kwenye gari, akamjia na mkono mbele, "Shikamoo, mama."

Mama, ambaye goti lake lilikuwa likimzuia hata kupanda ngazi za kanisa, alitimua mbio. Sikuwahi kumwona akikimbia hivyo, hata siku nyuki walipovamia ibada. Alizunguka kichaka cha maua, akajibanza nyuma yake na mkoba wake kifuani, na hakutoka mpaka pikapu ilipoondoka. Mkono wa mchumba ulibaki hewani kama kibao cha njia.

"Nimemkosea nini?" aliniuliza kabla ya kuondoka.

Nilimweleza kwamba kwetu mama hashikani mkono na mwanamume anayeoa binti yake, hali naye meza moja, wala hamtazami usoni. Ni heshima, nikasema, kwa sauti ya mtu asiyeamini anachosema. Akataka kujua, sasa atajuaje kama anapendwa? Nikamwambia hilo halikuwa kwenye mtihani.

Ukweli ni kwamba nilimwona mama kama mtu aliyepata kisingizio. Kama humtaki mtu na hutaki kusema, kuna njia gani nzuri zaidi ya kumkimbia kwa jina la mila? Dada aliwaza hivyo hivyo, ila mimi nilifurahia ugunduzi wangu na yeye alilia.

Hoteli yenyewe ilijengwa na walowezi walipokuwa wakikimbia joto. Kuta zilijaa vichwa vya wanyama na picha za Wazungu wenye masharubu, na ilikuwa vigumu kujua ni kundi gani lililokuwa likitukodolea macho kwa ukali zaidi. Mhudumu alituonyesha kiti alichokalia bwana mkubwa fulani. Mama akakikalia hapo hapo, akasema kinauma, akahama. Chakula kilikuja kwenye sahani kubwa zenye maua, na maua yalikuwa mengi kuliko chakula.

"Hii supu imemwona kuku kwa mbali," mama akasema. "Labda walipishana barabarani."

Asubuhi ya pili alitangaza kwamba hawezi kuendelea kupumzika namna ile, atachoka. Alikuwa amemuuliza mhudumu kama hakuna mahali pengine pa watu wa kawaida, naye akamwelekeza kwa masista. Kule kuna ugali, mhudumu alisema, na kuku wa kuonekana. Mama akaanza kufunga mkoba.

Mama hakujua mchumba analala wapi. Alichotaka kujua ni kwamba halali hapo. Dada alinikanyaga mguu. Alijaribu kupiga simu, lakini mtandao ulipatikana tu chini ya mti mmoja nyuma ya jiko, na siku hiyo hata mti ulikataa. Mimi nilibeba mizigo kwa bidii ambayo haijawahi kuonekana tena katika maisha yangu. Nilitaka kuona mila ikikutana na nyumba yenye sebule moja.

Mvua ilitupata njiani. Tuliingia kwa masista tukitiririka maji, na sebuleni, mbele ya sehemu pekee ya moto katika nyumba nzima, alikuwa amekaa mchumba na soksi mkononi, anazikausha.

Mama aligeuka akatazama ukuta. Mchumba naye, ambaye sasa alikuwa amefundishwa, aligeuka akatazama ukuta wa pili. Walibaki hivyo, kila mtu na ukuta wake, mpaka sista mwenye nyumba alipotoka jikoni. Sista huyo alikuwa mtu wa Cheptais, huko huko Bungoma, na mila hiyo aliijua. Alitutazama mara moja, akageuka. Alirudi na shuka la kitanda na kamba ya kuanikia nguo, akagawanya sebule katikati, moto nusu huku na nusu kule.

"Haya, kaeni," akasema. "Ugali uko njiani."

Tukakaa. Mama upande mmoja na dada, mchumba upande wa pili. Mimi niliwekwa kwenye ncha ya shuka, ninapoonekana na wote, na hapo nikapewa kazi.

"Mwambie mgeni pole na mvua," mama akaniambia kwa Kiswahili. Maishani mwake mama hakuwahi kunisemesha Kiswahili nyumbani.

"Amekusikia," nikasema.

"Mwambie."

Nikamwambia. Mchumba akasema nimwambie mama asante, yeye alilowa soksi tu. Nikamwambia mama, ambaye alikuwa umbali wa mkono mmoja. Tukaendelea hivyo kuhusu barabara, mbolea na bei ya matairi, mpaka nikaona nafasi yangu. Kama ningegoma, wangelazimika kuzungumza wenyewe, na mila ingeanguka mbele ya macho yangu. Mama aliponituma niulize kuhusu wazazi wa mgeni, nikasema mimi si redio.

Ilisikika mvua juu ya mabati. Dada alikuwa ametia ncha ya leso mdomoni na anaitafuna. Mama akaangalia kuni zinazofuka moshi, akazungumza nazo.

"Wewe moto, unakufa hivi, na ndani ya nyumba kuna mwanamume."

Nyuma ya shuka tukasikia kiti kikisogea na mtu akipuliza. Ndimi za moto zikaruka. Kisha sauti ikasema, taratibu, "Vumilia, moto. Kuni ni mbichi lakini tutashindana nazo."

Nilipoteza kazi hapo hapo.

"Moto," mama akaendelea, akionekana kustarehe kabisa, "watoto wako utawaita majina gani? Si ati utatusahau?"

Dada aliacha kutafuna. Hilo ndilo alilokuwa akiliogopa tangu Kitale. Mchumba alisukuma kuni moja motoni.

"Moto wangu," akasema, "mtoto atakuwa na jina la kwetu na jina la babu zake wa huko Bungoma. La Bungoma, mwenye kulijua ndiye atakayelitoa. Mimi nitalijulia wapi?"

"Na binti yangu utamgeuza dini?"

"Binti yako, hata sukari kwenye chai nimeshindwa kumpunguzia. Nitamgeuza nini kingine?"

Sista alicheka kule jikoni. Mama hakucheka. Alivuta kanga mabegani, akasema moto huu unaongea sana, akaniamuru niangalie kama ugali umeiva. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Tulikula kuku wa kuonekana, pande mbili za shuka, na kesho yake mama akateremshwa Bungoma kwa gari lingine ili asipande pikapu ya mgeni.

Dada alilia njia nzima mpaka Kibomet. Wiki hazikuwa nyingi, mama akatuma neno kwamba wazee wa yule mgeni waje. Walikuja, wakala, mambo yakaenda. Mimi nikaliandika tukio lote kichwani kama ushindi wa moto juu ya mila, na nikawasimulia watu hivyo kwa miaka.

Kisha na mimi nikapata mtu wangu, kijana msomi mwenzangu aliyetaka kunioa, nikampeleka Bungoma. Mama alitoka mpaka langoni. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akamtazama usoni, akamketisha kando yake na kumpakulia nyama mwenyewe, tena akamwongeza. Nilijaa fahari. Nikamfuata dada jikoni nimwambie mama ameelimika, mila imekwisha.

Dada aliweka sufuria chini akanitazama kwa huruma niliyoijua, ile ya wauguzi.

"Pole, mdogo wangu," akasema.

Shangazi alikuwa amemweleza siku ya harusi yake, na yeye hakuwahi kunieleza kwa kuwa mimi ndiye mwenye kujua kila kitu. Kwetu mama hamkimbii mgeni. Mgeni hupewa mkono, hutazamwa usoni na kuongezwa nyama. Anayekimbiwa ni yule tu ambaye moyoni ameshaitwa mkwe, na mama alimkimbia yule wa vipuri kabla hata hajamjibu shikamoo yake.