Amana ya Mzee Hamisi na Shtaka la Bangi

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa shati lililopigwa pasi mara mbili, nikapanda mlima hadi mahakama ya Kwale, na karani mkuu akanipokea kwa onyo. "Wewe ni mkalimani," alisema. "Ukisikia Kidigo, toa Kiingereza. Ukisikia Kiingereza, toa Kidigo. Kushauri watu si kazi yako." Bendera ilikuwa mpya, hakimu wa wilaya naye mpya, lakini sheria ya bangi ilikuwa ile ile ya mkoloni, tena kali.

Nilipelekwa Kinango kwanza, ambako kesi nyingi zilikuwa za ng'ombe, kisha nikarudishwa Kwale. Hapo ndipo alipoletwa Mzee Hamisi, mkulima wa minazi kutoka Msambweni. Askari walikuwa wamekuta gunia la bangi chini ya kitanda chake. Inspekta wa polisi, aliyekuwa mwendesha mashtaka wetu, alisoma shtaka la kupatikana na bangi, nami nikafasiri.

"Ni kweli," Mzee Hamisi alijibu kwa adabu. "Gunia lilikuwa kwangu."

Hapa vijana mnisikilize. Jibu kama hilo mahakama inaweza kulichukua kuwa ni kukiri kosa, na kesi ikaishia hapo hapo. Kumbe kisheria kuwa na kitu ni mambo mawili: kiwe mikononi mwako, na ujue ni kitu gani. Mzee alikuwa amekubali la kwanza tu. Bahati nzuri hakimu alikuwa mtu mpole. Alimtazama kitambo, akasema, "Mtu huyu atafute wakili," akaahirisha kesi, na mzee akarudishwa rumande.

Nje, mkewe, Bi Mwanaisha, alinishika mkono wa shati. "Mwanangu, hao mawakili huuzwa wapi?"

Nilicheka, kisha nikaona haya, maana Kwale nzima hapakuwa na hata mmoja. Nilimwambia avuke feri hadi Mombasa, aulize kwenye ofisi zilizo karibu na mahakama, na asimkubali mtu kwa kuwa amevaa tai. Amuulize kama amewahi kutetea kesi za bangi, na kama atakuja mwenyewe kuzungumza na mumewe kabla ya siku ya kesi. Karani mkuu alikuwa anapita. Ama hakusikia, ama alijitia uziwi.

Bi Mwanaisha alimpata wakili kijana, mchapakazi, Kiswahili chake kizito. Wakili huyo aliniomba nimfasirie kule rumande.

"Ulilifungua gunia?"

"Amana haifunguliwi, bwana."

Wakili nusura apige makofi. "Basi hukujua! Taja tu aliyekuachia."

"Simtaji. Aliniachia kwa kuniamini."

"Mzee, mahakama itasema umemzua mtu huyo."

"Nao waseme. Mwenyezi Mungu anajua."

Ndivyo tulivyolelewa pwani hii: mtu akikuwekea mzigo wake, huuchunguzi wala humwaniki mwenyewe. Wakili alijitahidi mpaka sauti ikamkauka, lakini bila jina hakimu hakuamini, na mzee akafungwa. Bi Mwanaisha hakulia. Alikunja tu ile kanzu safi aliyokuwa amemletea mumewe avae wakirudi nyumbani.

Nimestaafu sasa. Vijana wa Ukunda wakikamatwa, mama zao huja kwangu, nami huwaambia: mtoto ajibu salamu, ataje jina lake, mengine angoje wakili. Naisema kwa wepesi, lakini moyo huniuma kila mara, kwa sababu Mzee Hamisi alimpata wakili, naye hakumfaa kitu.

Alipotoka jela nilikwenda Msambweni kumpa pole. Alikuwa amekonda, na magugu yamemeza shamba lake. Alinikaribisha, akaniulizia hali ya nyumbani kwangu, kisha akainamisha kichwa.

"Bwana mkalimani, yule aliyeniwekea gunia, hakufika mahakamani kuniulizia? Nataka nimwombe radhi. Nilishindwa kumtunzia."