Ngozi ya Kwetu Haitaki Haraka

Bado naikumbuka Jumamosi ile, mdogo wangu, kwa sababu nilikuwa nimeshavaa viatu. Nilikuwa naenda saluni hapa mtaani kwetu, Juba Na Bari, kutolewa kidoa cheusi kilicho juu ya mdomo wangu, kama hicho unachokificha kwa mkono ukiongea. Darasani waliniita Nzi. Mimi si mtu wa kujibu.

Mama wa saluni, Mganda mcheshi, alikuwa ameniambia, "Wewe kuja tu. Dawa iko. Naweka kidogo, inachoma, inaanguka yenyewe. Hata mama yako hatakujua."

Haboba, nyanya yetu, alikuwa amekaa mlangoni akichambua karanga. "Ya biniya, binti yangu, uso umeoshwa hivyo unaenda wapi?"

Nikamwambia. Sijui kudanganya, na pia alikuwa amezuia mlango.

Hakunigombeza. Alikunja mkono wa gauni, akanionyesha uvimbe mgumu unaong'aa. Siku zote nilidhani ni jipu la zamani. Kumbe kijijini kwao wasichana walichanjwa paji la uso ili wapendeze, lakini mchanjaji alianza na mkato mdogo mkononi, akangoja. Mikato ya wenzake ilipona ikawa mistari. Wa Haboba ulipona, kisha ukaendelea kuvimba. Mchanjaji akakataa kumgusa uso.

"Nililia, mwanangu. Waliniita paji tupu. Sasa chukua uvimbe huu, uweke hapo juu ya mdomo. Nzi anaruka. Huu hauruki."

Nikagusa sikio langu pale lilipotobolewa, palipoota kinundu kigumu kama chake. Saluni sikwenda.

Tukaenda kwa daktari wa ngozi. Akashika sikio langu, akauliza kama kidoa kinakua, kinabadilika rangi au kinatoka damu. Nikasema hapana. Akasema kukitoa huacha kovu, na kwa ngozi kama yetu kovu linaweza kuvimba likazidi kidoa chenyewe. Sijaamua. Darasani bado ni Nzi.

Mimi si mzee, ila nimekutangulia, na kuuliza si ujinga. Kabla hujampa mtu uso wako, tazama vidonda vyako vya zamani vilivyopona, waulize wakubwa vyao vilipona vipi. Kidoa kikibadilika, usinifiche, twende hospitali. Kama ni kicheko tu cha watu, ngoja kwanza. Majuto ni mjukuu.

Mungu akuhifadhi, mdogo wangu, na uso aliokupa akujalie uzeeke nao.