Tawi la Mkungu na Krotoni Zangu Saba

Niliwahi kuwa na krotoni saba. Nilizinunua moja moja kwa wauza maua wa barabarani, nikazipanda kufuata mstari wa matofali uliotenganisha uwanja wetu na wa jirani, kule Mtoni. Moja ilikuwa ya njano yenye madoa, nyingine nyekundu iliyokolea hadi kukaribia weusi, nyingine ilibeba rangi nne kwenye jani moja. Mama yangu, ambaye nilikuwa naishi naye, alizitazama siku ya kwanza akauliza haya ni maua gani yasiyo na ua. Nikamwambia majani yenyewe ndiyo maua. Akasema haya, akarudi kwenye mboga zake.

Mkungu ulikuwa wa jirani. Mti huo hauna urembo wa kuringia. Unaangusha majani mapana kila siku, unaangusha kungu zilizotafunwa na popo, na usipofagia asubuhi uwanja unakuwa jalala. Lakini matawi yake yanalala tabaka kwa tabaka kama shelfu za duka, na chini yake hata saa sita mchana unaweza kukaa bila kufuta jasho. Tawi kubwa kuliko yote lilielekea kwetu, mashariki, na ndilo lililozuia jua la asubuhi kwenye uwanja wao.

Chini ya tawi hilo alikaa mume wa jirani. Hakuwa mzee wa busara wala nini. Alikuwa fundi cherehani mkali, mwenye kuchukia muziki wangu na kila mlango uliobamizwa. Kiharusi kilimpiga upande wa kulia, mkono ukafa, na maneno yakawa yanamtoka kwa taabu, mawili au matatu kwa siku. Nyumba yao ilikuwa ya bati, haina dari, na jua likishapanda hakukaliki ndani. Kwa hiyo kila asubuhi mkewe alimtoa na kiti chake, akamweka chini ya tawi mpaka saa saba, jua lilipohamia nyuma ya nyumba.

Mkewe huyo ndiye aliyekuwa rafiki pekee wa mama yangu mjini. Mama alihamia kwangu kutoka Kilimanjaro baba alipofariki, hamjui mtu, na mimi kutwa niko ofisini. Jirani, mwenyeji wa pwani tangu kwa babu zake, alimfundisha kukuna nazi, akampeleka sokoni, akamzoesha kucheka tena. Wakiwa wamekaa wawili, wanachambua mchicha na kumsema kila anayepita, mama alikuwa mtu mwingine. Nililijua hilo vizuri sana, na ndiyo maana bado najionea aibu.

Krotoni zangu zilianza kufifia. Njano ikawa kijani, nyekundu ikawa rangi ya matope. Nilipomlalamikia muuza maua alinicheka.

"Hii kitu inataka jua, sista. Ukiifichaga kivulini inakuwa majani tu kama mengine."

Nikaenda kwa jirani, nikamwamkia kwa adabu zote, nikamwomba tawi lipunguzwe.

"Mwanangu," akasema, "hilo ndilo dari la mume wangu. Omba kingine."

Nikajibu sawa mama. Haikuwa sawa hata kidogo. Mimi nina hasira za chini chini, zinakaa kama mkaa ndani ya majivu, na wiki mbili nzima kila nikizitazama zile krotoni nilimwona yule mzee amezikalia.

Jumamosi moja mama alikuwa kanisani. Nilimwona jirani anapanda bajaji na mfuko wa kliniki, nikachukulia kwamba mumewe keshapandishwa, maana kiti chini ya mkungu kilikuwa kitupu. Nilikuwa na namba ya fundi wa kukata miti. Ndani ya nusu saa alikuwa juu na msumeno wake wa mashine. Alipouliza wapi, nilimwonyesha kwa kidole: hapo, tawi linapotokea kwenye shina. Akaniuliza mara mbili, nami nikamwonyesha mara mbili. Tawi lilipoteremshwa kwa kamba upande wetu, jua lilimwagika juu ya majani yangu yote kwa pamoja. Nilicheka kwa sauti, nikazipiga picha.

Jirani aliporudi alisimama kwenye matofali, akatazama juu, kisha akatazama kile kiti. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Nani kasema?"

"Fundi kakosea, mama. Mie nilimwambia apunguze vijiti tu."

Mama alipotoka kanisani nilimpa maneno hayohayo, naye akaniamini, kwa sababu hajawahi kuwa na sababu ya kutoniamini. Akaenda kutoa pole. Alipiga hodi, hakuitikiwa. Jioni akaenda tena. Nilimwona amesimama mlangoni mwa mwenzake, mikono ameifunga tumboni, anangoja, halafu anageuka.

Wiki hiyo ilikuwa ndefu. Jirani alifunga turubai kuukuu kwenye kamba, upepo ukalichana. Akaacha kumtoa mumewe nje. Tulimsikia ndani akiguna, sauti nzito ya mtu anayetaka kitu, na mkewe akimwambia haya maji, kunywa. Mama alipika maharage ya watu wawili akala kijiko kimoja. Alikaa peke yake jikoni na mchicha wake, na nilipotoka kazini hakuniuliza habari za mjini. Krotoni ziling'aa. Nilikuwa nazipita bila kuzitazama.

Ijumaa jioni mama alikwenda nyuma ya jiko, kwenye mmea wake alioubeba kutoka kwao ukiwa kipande kwenye kiroba. Sisi Wachaga tunauita sale. Ni majani marefu ya kijani, hayana rangi ya kumvutia mgeni, lakini ukimkosea mtu hata kosa la damu ukampelekea jani lake lililofungwa fundo, kulikataa ni jambo zito mno. Mama alichuma moja, akalifunga fundo, akaenda kupiga hodi. Kimya. Basi akaliweka kizingitini, akarudi akiwa amepumua kidogo.

Hilo lilikuwa kosa lake. Asubuhi ya Jumamosi tulisikia sauti ya jirani nje, na kwa mara ya kwanza ilikuwa inatetemeka.

"Nani kaniwekea hiki kitu mlangoni? Mgonjwa wangu hatoshi, sasa mnanifungia na mafundo?"

Alikuwa amelishika jani kwa ncha ya fagio. Watu walianza kusimama njiani. Mwanamke mmoja akasema lisiguswe kwa mkono, lichomwe, aitwe mtu wa kulisomea. Kwenye mitaa yetu neno uchawi likishatajwa mbele ya watu halirudi ndani tena, na aliyeliweka lile jani ni mama yangu.

Mama alitoka na khanga yake begani, akavuka matofali.

"Shoga yangu, ni mie. Si uchawi. Kwetu hili ni la kuomba msamaha. Nilipiga hodi hukuitika, nikakosa la kufanya."

Akamweleza maana yote ya jani, pale pale, mbele ya watu. Jirani akaliondoa jani kwenye fagio, akalishika kwa mkono wake. Nikaona mabega ya mama yakishuka.

"Nimekuelewa," jirani akasema. "Lakini unaniomba msamaha wa kosa gani? Si fundi ndiye kakosea? Mbona hakuja yeye?"

Mama akageuka akanitazama. Hakuwa ananishuku. Alikuwa anataka nimsaidie kujibu, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Ingieni ndani," jirani akasema. "Watu wamepata sinema ya bure ya kutosha."

Joto la mle ndani lilinipiga usoni kabla sijavua viatu. Mzee alikuwa ameegemezwa kitandani karibu na dirisha, fulana imemganda mwilini. Nikamwambia shikamoo baba. Hakuitikia. Nikaanza kusema, haraka haraka, kwamba yule fundi nilimwambia apunguze vijiti tu.

"Nilikuona," mzee akasema.

Midomo yake iliendelea kuhangaika, mkewe akainama kumsaidia, lakini mzee alimsogeza kando kwa mkono wake mzima.

"Ulicheka."

Siku ile ya kliniki, mkewe akatueleza, mzee hakwenda. Aliamka vibaya, mkewe akamwacha kitandani akaenda peke yake kuchukua dawa. Dirisha lile linatazama mkungu. Aliniona nikionyesha kwa kidole mara mbili. Aliita, lakini msumeno ulikuwa unanguruma. Wiki nzima alikuwa anajaribu kumweleza mkewe, na mkewe akadhani anadai maji.

Mama aliketi kwenye kigoda bila kukaribishwa. Alipoongea alimwongelesha mwenzake, si mimi.

"Nirudishie jani langu. Nimekuletea uongo, na sikujua."

Jirani akalitazama lile fundo, akalikunja kwenye pindo la khanga yake.

"Silirudishi. Wewe umekuja na moyo wako, na mie nimelipokea. Huyu aombe lake."

Nilipiga magoti kwenye sakafu. Nikasema ni mimi. Nikasema nilijua ni kivuli chake, niliambiwa waziwazi, na nilikata kwa sababu nilitaka majani yangu yapate rangi. Nilipoyasema kwa sauti yalikuwa maneno ya mtu mpumbavu, na hakuna aliyenisaidia kuyapunguza makali.

Mzee akainua mkono wake mzima, akanyoosha kidole nje, kwenye kiti chake.

"Kaa."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamtazama mkewe, naye akanionyesha mlango. Nikatoka, nikaketi. Ilikuwa yapata saa nne na nusu. Plastiki ya kiti ilikuwa imeshika moto, na jua lilinijia moja kwa moja usoni, pale pale ambapo tawi lilikuwepo. Baada ya muda kichwa kilianza kugonga na macho yakajaa maji ya chumvi. Wale watu wa njiani walinitazama, wakachoka, wakaondoka. Mama alitoka mlangoni na khanga mkononi aje anifunike kichwa. Jirani akamshika kiwiko, taratibu, na mama hakubishana naye. Walirudi ndani wote wawili, nikawasikia wakimimina chai.

Mzee alikuwa dirishani, ananitazama bila kupepesa. Sikujua natakiwa nikae mpaka saa ngapi, na sikuthubutu kuuliza.