Anayesema Ndani ya Shairi

Harufu ya sweta zilizoloa mvua ikichanganyika na vumbi la chaki bado hunirudisha darasani. Mwaka 2013 nilikuwa kidato cha pili, Murungu, karibu na mpaka, na wageni wasio na vibali walikuwa wakipakiwa kwenye malori kurudishwa Burundi. Mama na mimi hatukuwa na karatasi yoyote. Alinivusha mto nikiwa mtoto wa mgongoni, na kila asubuhi kabla sijatoka alininong'oneza, "Ceceka, mwana wanje. Nyamaza. Ukiulizwa, sema tumetoka Kasulu."

Lakini mimi nilikuwa na kiherehere cha vina na mizani. Mwalimu Mwanaidi, mgeni kutoka Tanga, alitutaka tutunge shairi lenye taswira, yaani picha ambayo msomaji ataiona kwa maneno tu. Picha niliyokuwa nayo ilikuwa moja, ile aliyonisimulia mama. Nikahesabu kwa vidole, nikalikata "gizani" likawa "giza" ili mizani itimie nane, na kwa furaha ya kuitimiza nikasahau kabisa kuogopa. Kesho yake mwalimu akauandika mshororo wangu ubaoni, na jina langu chini yake:

Tulivuka mto giza, maji yakifika shingo.

"Nafsineni ni nani?" akauliza. "Nani anasema humu ndani?" Anatolia, ambaye baba yake ndiye aliyekuwa akiorodhesha wageni kijijini, akanyoosha mkono. "Ni yeye mwenyewe, madam! Kumbe walivuka!" Darasa zima likanigeukia. Nikalifunika daftari langu kwa mikono yote miwili.

Mwalimu alinitazama, nikaona ameelewa. "Hapana," akasema polepole. "Mtunzi ni mwingine, nafsineni ni mwingine. Mimi nikitunga shairi la fisi, nimekuwa fisi?" Wakacheka. Akafuta ubao, akianza na jina langu. Jioni mama aliichana karatasi ile, akaisokomeza motoni chini ya chungu cha maharage. Wiki nzima tulilala na viatu miguuni. Hakuna aliyekuja.

Sasa nafundisha Kiswahili Kasulu. Cheti changu cha uraia kiko kabatini, na hakuna wa kunipandisha lori. Juzi niliuandika mshororo ule ubaoni, bila jina. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Madam, nafsineni hapo ni nani?" Nilitaka kusema ni mimi. Nikachukua kifutio. "Ni mtu mmoja tu," nikajibu, nikageuka kufuta ubao.