Mistari Saba ya Fimbo ya Maji

Nilisafiri kwa sababu ya neno moja katika daftari la baba: "Nne."

Baba yangu, Assumani, alikuwa nahodha wa meli ndogo ya mizigo kwenye mto Lualaba. Mimi ni mwalimu hapa Kasongo, na kila mwaka ninawasimulia wanafunzi habari za mabaharia wa zamani waliovuka bahari kuu huku wakiandika kila siku upepo, njia na kina cha maji. Baba naye aliandika hivyo hivyo. Ukurasa wake wa mwisho unasema: "Asubuhi. Kina: nne." Baada ya hapo hakuna kitu. Meli ilipanda mwamba ikapinduka, na jirani yetu Mama Aziza, aliyekuwa amepanda humo, akazama.

Watu walisema nahodha alisinzia. Baba alishikilia kwamba mpima maji wake, Kalonda, aliyepima kina kwa fimbo, alimwitia nne, na kwa meli ile nne ilitosha. Hakuna aliyemsadiki. Hadi leo watoto wa Mama Aziza hawaitikii salamu ya baba akipita kwenda msikitini.

Mwaka huu moyo wake umedhoofika, na siku moja alinishika mkono. "Zaina, Kalonda iko muzima, kule Kabambare. Naye alikuwa na kaye yake ya kuandika. Enda uone aliandika nini."

Nilikubali upesi, lakini kwa hofu. Je, kama Kalonda aliandika tatu, na baba ndiye aliyekosea?

Saa kumi na mbili asubuhi tuliondoka Kasongo kwa pikipiki ya Radjabu, motari anayebeba abiria wa mtaa wetu. Nilikuwa nimezungushia daftari la baba mifuko miwili ya plastiki na kulifunga tumboni kwa kitenge.

"Mwalimu, unabeba mimba?" akanitania.

"Ninabeba kaye. Endesha polepole."

Barabara ilikuwa tope na mashimo. Mara nne nilishuka nikatembea huku Radjabu akisukuma, na kila niliposhuka nilijipapasa tumbo kuhakikisha daftari lipo. Kwenye daraja la magogo pikipiki iliteleza. Nilipiga ukelele, na nilichofikiria kwanza si mimi wala Radjabu, bali daftari.

Saa saba mchana, Lusangi. Mvua ilitukamata hapo, tukajibanza kwa mama mmoja anayepikia wachimbaji. Alituwekea bukari, ugali wa kwetu, na sombe ya majani ya muhogo. Nilikula matonge mawili tu.

"Unaenda mu kilio, dada?" akaniuliza. "Uso yako iko ya kilio."

"Ninaenda kusalimia rafiki ya papa yangu."

"Basi kula. Rafiki ya papa haikimbie."

Mimi ndiye niliyetamani kukimbia. Mvua ilipozidi nilianza kuomba kimoyomoyo isikatike, ili nirudi nyumbani niseme barabara imenishinda. Ikakatika.

Saa kumi jioni tuliingia Kabambare. Nyumba ya Kalonda ilijulikana na kila mtu: nyumba ya mzee anayeandika. Tulimkuta barazani, mwembamba, amevaa kofia ya sufu, daftari gotini. Hakutusalimu kwanza. Alitazama jua, akaandika, ndipo akainua macho. Nilichungulia: "Saa kumi. Pikipiki moja. Mwanamuke moja, hajulikani." Juu yake: "Mvua imetoka Lusangi. Kuku ya Furaha imepotea."

"Papa iko hivyo tangu aache kazi ya bato mu Lualaba," binti yake, Furaha, alinieleza akiniletea kiti. "Kila siku anaandika, sawa vile nyumba ni bato itaondoka."

"Shikamoo, papa," nikasema. "Miye ni Zaina, mutoto ya Assumani."

Kalamu ilimponyoka. Alilifunga daftari lake.

"Anakutuma unishitaki?"

"Anaumwa, papa. Anataka tu kujua ulisema ngapi."

"Nilisema ine."

Nililia palepale mbele yao, kwa furaha, bila haya. Lakini mzee hakufurahi. Alimwagiza Furaha apande kwenye dari ya jikoni, juu ya moto, mahali ambapo moshi huzuia mchwa. Furaha alirudi na daftari jeusi kwa masizi. Kisha mzee akanyoosha kidole uani, kwenye fimbo ndefu iliyoanikwa nguo, yenye mistari myekundu na myeupe iliyopauka.

"Hesabu."

Fimbo ya maji ina mistari saba, kila mmoja urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi kidole. Baba alinifundisha nikiwa mdogo. Mstari wa nne kutoka chini una pete nyeusi, ili mpimaji asihesabu: maji yakifika kwenye pete, anaita nne. Nilihesabu mara mbili. Mistari ilikuwa sita. Chini ya pete ilibaki miwili tu badala ya mitatu.

"Asubuyi ile fimbo ilikwama mu mawe," Kalonda alisema. "Nikavuta kwa nguvu. Nilizani ni ncha kidogo tu imekatika, sikuangalia. Kesho yake ndiyo niliona. Niliogopa kufungwa, nikanyamaza. Baba yako hakulala, mama. Ni miye."

Katika daftari lake ilikuwa hivyo hivyo: "Fimbo imekatika chini. Niliita ine. Ilikuwa tatu." Nilitaka kumkasirikia. Nilishindwa, maana alikuwa ametazama nguo zikikauka kwenye ushahidi wake miaka yote hiyo.

Asubuhi tulipoondoka alinipa daftari mwenyewe. "Beba. Nimechoka kuilinda."

Tope lilitulaza njiani, na siku ya tatu, saa nane mchana, tulifika Kasongo. Nilimsomea baba taratibu, nikingoja acheke au amtukane Kalonda. Aliniomba daftari lake mwenyewe na kalamu. Kitabu cha safari hakifutwi. Kosa hupigwa mstari mmoja, ili lisomeke, na neno la kweli huandikwa juu yake. Alipiga mstari kwenye "nne," akaandika "tatu," akatia sahihi. Mkono ukamchoka, akanirudishia kalamu.

"Andika tena. Maji ilikuwa na mikunjo mbele, alama ya mawe. Niliiona. Ningepunguza mwendo. Niliamini hesabu kuliko macho yangu."

"Papa, sasa uko safi. Ya nini tena?"

"Kalonda aliandika kosa yake."

Nilikwenda Kabambare kumsafisha baba, na sasa tu nilielewa kwamba yeye hakunituma kwa ajili hiyo, bali kwa ukweli wote. Niliandika kila neno. Alitia sahihi, akayapanga madaftari mawili, lake juu ya lile la masizi, akanisukumia.

"Peleka kwa watoto ya Mama Aziza. Yote mbili."