Muhsina Akataa Kubebwa

Agizo lilisema wafanyakazi wote warudi ofisini, na Muhsina alilisoma akiwa barazani kwake Kinondo, kwenye kiti chake cha magurudumu. Tangu ajali ya bodaboda pale Ukunda imwondolee nguvu za miguu, alikuwa akipokea nyumbani simu za wageni wanaotaka vyumba katika hoteli moja ya Diani. Hakuna mgeni aliyewahi kulalamika, ila kuhusu jogoo wa jirani.

Ofisi ya simu iko ghorofani. Lifti hakuna, kuna ngazi za marumaru, nzuri sana kwa kupigia picha. Basi Kalama na Haji, wapagazi wa hoteli, wakamwinua Muhsina pamoja na kiti chake, wakampandisha. Watu wakapiga makofi. Meneja, Bwana Mramba, alifurahi kana kwamba aliyembeba ni yeye. Muhsina alitabasamu huku ameshikilia buibui lake lisifunuke mbele ya wageni waliokuwa wakinywa chai. Aliona haya mpaka machozi yakamlengalenga.

Ubaya wa wema ni kwamba haukataliki. Mwambie mtu wa Pwani asikusaidie, atakwenda kwao akiuliza amekukosea nini. Kwa hiyo Muhsina alinyamaza, akaacha kunywa maji. Choo kilikuwa chini, na kila haja ilitaka kuitiwa wanaume wawili. Kila siku alikaa kutwa na midomo mikavu katika joto lile, jioni akarudi nyumbani kichwa kikimgonga. Aliogopa pia kwamba akisema neno, ataambiwa kazi imemshinda.

Kanze, aliyekaa naye meza moja, ndiye aliyegundua kwamba chupa ya mwenzake hurudi nyumbani imejaa.

"Utakufa kwa adabu, wewe," alimwambia.

Kesho yake Muhsina aliwaomba wapagazi wamwache chini, wamwitie meneja. Bwana Mramba alishuka, akamsikiliza, akashangaa. Alimkumbusha kwamba anabebwa kwa mapenzi, wala hakuna aliyelalamika.

"Ninayelalamika ni mimi," Muhsina alisema. "Kazi naitaka, Bwana Mramba. Kubebwa sitaki. Kile chumba cha taulo nyuma ya mapokezi kina mlango mpana, na choo kiko karibu. Taulo zikipandishwa ngazi hazitaona haya."

Meneja alitaka kulitaja lile agizo, kisha akakumbuka kwamba chumba cha taulo nacho kimo hotelini. Hakuwa mtu mbaya. Ni vile tu hakuwahi kuuliza. Kanze, aliyekuwa ameshuka pia, alipomweleza habari ya maji, meneja alisema taulo zihamishwe siku hiyo hiyo.

Aliyekuwa mgumu ni Kalama. Alisimama na mikono yake mikubwa ikining'inia, uso umemshuka.

"Dada, kwani nilikuumiza?"

"Hukuniumiza, kaka. Ulinibeba vizuri, Mungu akulipe. Lakini mimi si mzigo."

Kalama alifikiri kidogo. "Haya, sasa leo nibebe nini?"

"Meza yangu. Iko juu."

Alipanda mbio, akateremka nayo peke yake, akimkataza Haji asiiguse.

Adhuhuri simu iliita katika chumba kilichokuwa bado kinanukia sabuni ya kufulia. Kanze alinyoosha mkono aipokee, Muhsina akamzuia. Alijaza bilauri, akanywa maji yote, akajaza tena akanywa, ndipo akainua simu na kumkaribisha mgeni Diani.