Posa Kwenye Nyumba ya Magurudumu

Mume wangu alipostaafu udereva wa malori, usingizi ulimkataa. Tangu ujana kalala kwenye kichwa cha lori, Joburg mpaka Lubumbashi, sasa kitanda kikitulia anaona kama kuna kitu kimeharibika. Jioni moja narudi zangu kutoka Randburg, nilikokuwa nasoma darasa la jioni, namkuta getini anatabasamu kama bwana harusi. Nyuma yake karavani, ile nyumba ya kukokotwa na gari. Nyeupe, kuukuu, ina pazia za maua.

“Mama watoto, nyumba ndiyo hii.”

“Na ile tuliyopanga?”

“Nimeshatoa notisi.”

Nikasema alhamdulillah, maana sikuwa na neno jingine la heshima.

Basi tukahamia kwenye uwanja wa makaravani, nje kidogo ya Randburg. Miti mingi, majirani wastaafu watupu, mimi ndiye niliyekuwa mtoto pale. Baridi ikiingia tunaikokota nyumba mpaka Durban, joto likirudi na sisi tunarudi. Nikazoea, halafu nikapenda. Nafagia nyumba nzima chai haijachemka! Kitu kimoja tu kilinishinda. Kwa jinsi tulivyoiegesha, kibla kilikaa mshazari, ukisujudu ndani unagonga friji. Ikabidi niwe naswali nje chini ya turubai.

Hapo ndipo binti yangu akapata mchumba. Kijana wa Kinyamwezi, ukoo wa Tabora, mama yake alifariki akalelewa huku na shangazi yake. Kijana mzuri, swala hazimpiti. Lakini mwenye neno ni shangazi, na shangazi ni mtu wa benki kule Sandton kwa matajiri, anakaa ghorofani. Binti akaja uso umemshuka. Yeye Kiswahili anakisikia vizuri, kukisema ndiyo mtihani.

“Mama, shangazi yake anasema… eish. Anasema watu wa karavani ni watu wa kukimbia. Akija akaona si nyumba, basi, hakuna ndoa.”

“Anakuja lini?”

“Jumamosi. Na wazee.”

Mume wangu akasema tuazime sebule ya rafiki yetu. Nikakataa. Binti anaposwa mlangoni kwa baba yake, na mlango wetu ndio huo, una ngazi mbili. Kama hatutakiwi, tusitakiwe tukiwa kwetu. Ila nikamwambia, nyumba lazima tuigeuze ielekee kibla. Alasiri itawakuta wageni wa kike wamo ndani, nataka waswali wamenyooka, wasigonge friji ya watu.

“Tuigeuze nyumba?”

“Si ulinisifia ina magurudumu?”

Akaenda kukagua matairi.

Tukawaalika saa nane. Sasa Mswahili ukimwambia saa nane, hiyo saa nane ndiyo anaingia kuoga. Kwa hiyo saa nane kasorobo sisi ndio kwanza tunaanza kugeuza. Karavani ina magurudumu mawili tu, katikati, na miguu ya chuma kwenye pembe zake, unaiteremsha ili nyumba isicheze. Mume wangu akaipandisha yote. Jirani yetu, mzee wa Kizungu mstaafu wa reli, tunamwita Oom, yaani mjomba kwa lugha yao, akashika mbele, sisi tukasukuma. Ikazunguka taratibu mpaka upande wa nyuma, wenye makochi, ukaangalia kibla barabara. Sijamaliza kumshukuru Mungu, geti likafunguliwa. Saa nane kamili. Mtu wa benki!

Mume wangu mbio kuvaa kanzu. Oom mbio kutafuta viatu. Miguu ya chuma ikabaki juu, hakuna aliyeikumbuka.

Wanaume wakakaa nje chini ya turubai, wanawake nikawaingiza ndani. Shangazi ni mwanamke wa mwili, mashallah, akapita anazipima pazia zangu kwa macho.

“Karibu dada, karibu mpaka mwisho.”

Kwetu mgeni wa heshima hakalishwi mlangoni. Akaenda kukaa kochi la mwisho kabisa, wenzake wakamfuata. Nami nikaja na sinia la visheti. Ile nainama tu kuwakaribisha, nikasikia sakafu inanikimbia. Mbele kukapanda, nyuma kukashuka, puu! Wote tukamiminikia kwa shangazi, na visheti vikatufuata.

Nje mshenga wao alikuwa anasema, “Tumeona ua zuri kwenye bustani yenu…” akakatikia hapo hapo. Binti yangu alikuwa upande wa jikoni, sasa yuko juu, kaning’inia kwenye sinki, machozi yanamtoka. “Mama, imeisha!”

Shangazi ananitazama. Kisheti kimoja kimekaa begani kwake. Ningeweza kumwomba radhi. Lakini mimi Mzaramo, yeye Mnyamwezi, na sisi ni watani tangu mababu. Mtani humpigii magoti, unamtania. Sikujua kama kule Sandton bado wanalikumbuka hilo. Nikasema bismillah, nikatoa kichwa dirishani.

“Wanyamwezi! Babu zenu walibeba meno ya tembo kutoka Tabora mpaka Bagamoyo kwa miguu. Nyie shangazi mmoja tu anawashinda? Njooni mbebe nyumba!”

Hakuna aliyecheka. Mume wangu akatazama viatu vyake. Nikarudisha kichwa ndani polepole.

“Mzaramo,” shangazi akaita.

“Abee.”

“Nyumba hii umeigeuza kibla?”

“Nimeigeuza, dada.”

“Ndiyo maana. Imesujudu hata adhana bado.”

Akakitoa kile kisheti begani, akakitafuna, halafu akaangua kicheko mpaka nyumba ikaanza kutikisika upya. “Wapagazi!” akapiga kelele. “Mmeambiwa mbebe!” Wazee na kanzu zao wakaja wakainua, Oom akateremsha miguu huku anatikisa kichwa. “Sharp, sharp,” anasema, yaani mambo safi, jasho linamtoka.

Alasiri tukaswali mle ndani, wawili wawili. Friji haikuguswa. Tulipomaliza, shangazi akakunja mkeka mwenyewe.

“Nadai fidia. Mtani kaniangusha nyumbani kwake. Mtoto namchukua.”

“Mtoto ana mahari, usijifanye umeokota.”

“Na mahari nitaileta wapi? Hapa au Durban?”

“Utafuata magurudumu.”

Binti yangu akaifunika sura yake kwa mtandio, lakini meno niliyaona.

Ndoa ilifungwa chini ya turubai lile lile. Shangazi alikuja na kitenge kipya, na kwa saa yake ile ile ya benki, dakika haikuzidi. Kabla ya kupanda ngazi akaizunguka nyumba yote, kila pembe anainama, anashika mguu wa chuma, anautikisa. Alipomaliza akavua viatu, akaingia, akapita moja kwa moja kwenda kukaa kochi la mwisho.